Je, mifumo ya uendeshaji ya kompyuta za nyumbani imeimarika kweli, au tumesahau tu tulikotoka?

MwandishiMakini anauliza:

Ndugu zangu, salaam.

Nina swali lililonikaa kichwani tangu wiki iliyopita, nilipogundua kwamba kompyuta yangu ya mkononi haijazimwa wala kuwashwa upya kwa siku thelathini na moja, na katika muda huo wote haijaganda hata mara moja. Mimi ni mtu wa kuandika na kufasiri, na kazi hiyo nimeifanya kwa kompyuta tangu mwaka 1996. Kompyuta yangu ya kwanza ya nyumbani iliganda mara mbili au tatu kwa siku. Kishale cha kipanya kilisimama katikati ya skrini, kibodi ikawa kipande cha plastiki tu, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuzima umeme na kuanza upya. Nilijizoeza kuhifadhi faili kila nilipomaliza aya, na siku moja niliyosahau nilipoteza kurasa kumi na moja za tafsiri ambazo sikuweza kuziandika tena vizuri kama mara ya kwanza.

Sasa najiuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli kwamba mifumo ya uendeshaji imekuwa imara zaidi, au ni mimi niliyebadili matumizi, kwa kuwa siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu naifanya ndani ya kivinjari? La pili, kama imeimarika, ni kitu gani hasa kilichobadilika? Programu za leo ni kubwa mara nyingi kuliko za wakati ule, na akili ya kawaida inaniambia kwamba chombo chenye sehemu nyingi ndicho kinachopaswa kuharibika upesi. Je, watengenezaji programu wa miaka ya 1990 walikuwa wazembe? Naomba maelezo ya mtu anayejua yanayotendeka ndani ya mashine. Jibu la kwamba teknolojia imekua nimekwisha kulipata kwa watoto wangu.

Kumbukumbu64 anajibu:

Ndugu Mwandishi, nimeandika programu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo niruhusu kwanza nijitetee mimi na wenzangu: hatukuwa wazembe kuwazidi vijana wa leo. Makosa yaliyomo katika programu za leo ni mengi vilevile, na pengine ni mengi zaidi kwa sababu programu zenyewe ni ndefu. Kilichobadilika ni umbali ambao kosa linaweza kusafiri. Zamani kosa la programu moja lilikuwa msiba wa kompyuta nzima, na leo kwa kawaida linaishia kwa programu iliyolitenda.

Tuanze na kumbukumbu. IBM PC ya mwaka 1981, ambayo mfumo wa uendeshaji wa MS-DOS ulitolewa nayo, ilitumia kichakataji cha Intel 8088, na kichakataji hicho hakikuwa na njia yoyote ya kuizuia programu isiandike mahali popote ilipotaka. Programu ya kuchapa barua ikikosea anwani kidogo tu, iliweza kuandika herufi za barua yako juu ya maagizo ya mfumo wenyewe, na mfumo usijue lolote hadi dakika kumi baadaye ulipofika kwenye maagizo hayo na kuyakuta yamevurugwa. Ndiyo sababu ulikuwa ukiona kompyuta inaganda pasipo chanzo cha kueleweka: aliyetenda kosa na aliyeanguka mara nyingi hawakuwa mmoja. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na udhaifu huohuo, ila yenyewe ilikuletea habari mbaya kwa picha ya bomu lenye utambi. Amiga ya mwaka 1985 iliweza kuendesha programu nyingi kwa wakati mmoja kwa ustadi ambao wengine waliufikia miaka kumi baadaye, lakini programu hizo zote ziliishi katika uwanja mmoja usio na ua, na moja ikipotoka iliweza kuziangusha zote.

Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba dawa ilikuwapo mapema. Kichakataji cha Intel 80286 cha mwaka 1982 kilikuwa na hali ya ulinzi, na 80386 cha mwaka 1985 kiliongeza mgawanyo wa kumbukumbu katika kurasa. Katika mpangilio huo programu haitaji anwani halisi ya kumbukumbu. Inataja anwani ya kubuni, na kichakataji huitafsiri kwa kutumia jedwali ambalo mfumo wa uendeshaji peke yake una ruhusa ya kulibadilisha. Programu ikitaja anwani ambayo haimo katika jedwali lake, kichakataji husimamisha kazi papo hapo na kukabidhi usukani kwa mfumo, nao huifunga programu hiyo na kuziacha nyingine ziendelee. Sehemu kubwa ya utulivu unaoufurahia leo imejengwa juu ya hila hiyo moja.

Kwa nini basi ilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano kufika nyumbani ikiwa kamili? Kwa maoni yangu sababu ni bei ya kumbukumbu na uzito wa programu za zamani. Microsoft ilimwajiri Dave Cutler kutoka kampuni ya DEC mwaka 1988, naye akaongoza ujenzi wa Windows NT, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993 likiwa na kinga kamili kati ya programu na programu, na kati ya programu na mfumo. Lakini NT hiyo ilihitaji megabaiti 12 za kumbukumbu kwa uchache, wakati Windows 95 iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995 iliweza kuwaka kwa megabaiti 4. Zaidi ya hapo, NT ilikataa kuziruhusu programu kugusa vifaa moja kwa moja, na michezo ya MS-DOS ilikuwa ikiishi kwa kugusa vifaa moja kwa moja. Windows 95 ikawa mapatano. Programu mpya za biti 32 zilipewa kila moja eneo lake, ila sehemu kubwa ya kumbukumbu ya mfumo iliachwa bila ulinzi ili vya zamani viendelee kufanya kazi, na programu zote za zamani, za biti 16, zikarundikwa katika chumba kimoja kama zilivyokuwa.

Kisha kuna suala la zamu. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, na katika Macintosh hadi mwisho wa miaka ya 1990, programu ilikishika kichakataji mpaka yenyewe iamue kukiachia. Ikizunguka katika hesabu isiyo na mwisho, hakuna aliyeweza kuinyang'anya, na huo ndio ulikuwa mgando wako. Windows 95 ilizinyang'anya zamu programu mpya kwa nguvu ya saa, lakini sehemu za mfumo zilizobaki katika biti 16 zililindwa kwa kufuli moja tu; programu ya zamani ikilala na ufunguo wa kufuli hilo, madirisha yote yalisimama kuingoja.

Nikupe kisa kimoja kinachoeleza hali ya wakati ule kuliko hoja zangu zote. Windows 95 na 98 zilikuwa na kihesabu cha milisekunde tangu kompyuta iwashwe, chenye nafasi ya biti 32. Kihesabu hicho hujaa baada ya milisekunde 4,294,967,296, yaani siku 49.7, na kikijaa mfumo uliweza kuganda. Kasoro hiyo ilikaa miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa, na sisi waandishi wa programu tulikuwa tukitaniana kwamba haikugunduliwa mapema kwa sababu hakukuwa na kompyuta iliyowahi kufika siku ya hamsini.

Ukinilazimisha nitaje mwaka mmoja wa mageuzi, nitataja 2001. Mac OS X ilitoka tarehe 24 Machi mwaka huo ikiwa na kinga ya kumbukumbu na zamu za lazima, na tarehe 25 Oktoba ikatoka Windows XP, ambayo iliwaletea watu wa nyumbani mfumo wa NT badala ya ule uliokuwa ukiegemea MS-DOS.

BintiKibodi anajibu:

Naongeza kidogo upande wa Apple, kwa kuwa maelezo ya mzee Kumbukumbu64 yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ilikuwa safari ya kutembea tu kutoka toleo moja hadi jingine. Apple ilijaribu kwa miaka kadhaa kuujenga upya mfumo wake katika mradi ulioitwa Copland, ikashindwa, ikauvunja mwaka 1996, na mwishoni mwa mwaka huohuo ikatangaza kuinunua kampuni ya NeXT ili ipate mfumo uliokwisha kujengwa juu ya msingi wa Mach na BSD, wenye kinga hizo tayari. Wakati huo watumiaji wa Mac walikuwa bado wakifungua dirisha la taarifa za kila programu na kuipangia kwa mkono kiasi cha kumbukumbu itakachotumia. Ukiipunja, ilikataa kufungua faili kubwa. Ukiizidishia, nyingine zilikosa. Mimi nilianza kutumia kompyuta kwa namna hiyo na nilidhani ni sehemu ya elimu ya kompyuta, kumbe ilikuwa kazi ya mfumo niliyokuwa naifanya kwa niaba yake.

FundiKimya anajibu:

Nakubaliana na waliotangulia, lakini nadhani wameishia mlangoni. Kinga ya kumbukumbu ilizitenganisha programu, nayo ikaacha kundi moja ndani ya ngome: draiva. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya picha, kadi ya sauti, printa na kadhalika, na kwa desturi huendeshwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambako hakuna ukuta kati yake na moyo wa mfumo. Draiva ikikosea, kerneli haina namna ya kujua ni kiasi gani cha kumbukumbu yake kimeharibiwa, kwa hiyo inachagua kusimama kabisa kuliko kuendelea na pengine kuandika takataka juu ya faili zako. Skrini ya buluu mnayoichukia, ile inayotokea Windows inapoanguka, ni uamuzi wa makusudi wa mfumo wa kujisimamisha, na kwa hakika imeokoa faili nyingi kuliko ilizopoteza.

Tatizo ni kwamba draiva huandikwa na kila kampuni inayotengeneza vifaa, nzuri na mbovu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba draiva zilisababisha asilimia 85 ya maanguko ya Windows XP yaliyokuwa yameripotiwa karibuni. Tafakarini maana yake: mfumo ulikuwa umekwisha kurithi kinga zote za NT, na bado sehemu kubwa ya maanguko ilitoka kwa wageni walioruhusiwa kuingia jikoni.

Dawa ya hapo haikuwa moja, na nyingine hazionekani kwa mtumiaji. Kubwa kuliko zote, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni ripoti za makosa. Mnakumbuka kile kidirisha cha Windows XP kilichoomba ruhusa ya kutuma taarifa kila programu ilipofungwa ghafla? Wengi tulikipuuza. Lakini kwa mara ya kwanza watengenezaji waliweza kuona ni kosa gani linatokea kwa watu wangapi, badala ya kukisia kutokana na barua za malalamiko. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliwaandikia wateja mwaka 2002 kwamba takriban asilimia 20 ya kasoro zilisababisha asilimia 80 ya makosa yote, na kwamba asilimia 1 tu ya kasoro ilisababisha nusu yake. Ukishajua hilo, huhitaji kurekebisha kila kitu. Unaanza na kasoro chache zilizo juu ya orodha, na mamilioni ya watu wanapata nafuu kwa sasisho moja.

Dawa nyingine ni kuzitoa draiva nje ya ngome. Windows Vista, iliyowafikia watu wa nyumbani Januari 2007, iliigawa draiva ya kadi ya picha na kuihamishia sehemu yake kubwa nje ya kerneli, ikaweka pia mlinzi wa muda: kadi ya picha ikishindwa kujibu kwa sekunde mbili, mfumo unaianzisha upya kadi hiyo peke yake. Kama umewahi kuona skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo, kisha inarudi na ujumbe kwamba draiva ya picha iliacha kujibu na imerejea, basi umeshuhudia tukio ambalo miaka mitano kabla lingekuwa skrini ya buluu. Vista yenyewe ilitukanwa sana, na sehemu ya matusi ilistahili, kwa kuwa mpangilio mpya ulidai draiva mpya na nyingi zilifika zikiwa mbichi. Hata hivyo Windows 7 ya mwaka 2009, iliyosifiwa kwa utulivu, ilisimama juu ya msingi huohuo baada ya draiva kupata miaka miwili ya kuiva. Toleo la biti 64 la Vista lilikwisha kukataa pia draiva za kerneli zisizo na saini ya kidijitali. Apple ilifuata njia yake, na kuanzia macOS Catalina ya mwaka 2019 ilianza kuwasukuma watengenezaji waziweke draiva zao nje ya kerneli.

Na tusisahau viwango vya vifaa. Zamani kila kifaa kilikuja na diski yake ya draiva. Leo unachomeka diski ya USB, kibodi au kamera, na mfumo unatumia draiva moja ya jumla iliyojaribiwa na mamilioni ya watu. Draiva isiyokuwapo haiwezi kukuangusha.

MwandishiMakini anaandika:

Nawashukuru sana. Sikutegemea kwamba skrini ya buluu ningekuja kuielewa kama tendo la hisani. Bado hamjanijibu kuhusu kivinjari, na kuna jambo jingine linalonitatiza. Ninayo kompyuta ya pili, ya mezani, yenye mfumo wa uendeshaji uleule na toleo lilelile kama hii ya mkononi, nayo huanguka karibu kila wiki. Kama kuta na kinga ziko sawa katika zote mbili, kwa nini moja inatulia na nyingine haitulii? Draiva nimekwisha kuzisasisha zote.

ShakaKidogo anajibu:

Nitakuwa mkaidi kidogo, kwa sababu naona mjadala unaelekea kuwa shangwe.

Kuhusu kivinjari, ndugu Mwandishi, hisia yako ni sahihi kwa sehemu. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilitangaza kwamba kila kichupo kitaendeshwa katika mchakato wake, yaani kinga ileile ya mfumo wa uendeshaji ikatumika ndani ya programu moja. Ukurasa ukifa leo, unaona ujumbe wa masikitiko ndani ya kichupo kimoja na unaupakia tena. Kuanguka kumebaki, kumepunguzwa ukubwa hadi hatukuhesabu tena. Isitoshe, maandishi yako yanahifadhiwa kila sekunde chache pasipo kukuuliza, kwa hiyo hata kompyuta ikizimika kabisa unapoteza sentensi moja badala ya kurasa kumi na moja. Hilo ni jambo kubwa, lakini ni sifa ya programu, na tusiipe kerneli taji lisilo lake. Vivyo hivyo kwa diski: umeme ukikatika katika siku za Windows 98, mfumo wa faili wa FAT, yaani mpangilio wa faili kwenye diski, uliweza kubaki na rekodi zilizokatika nusu, na ukiwasha ulisubiri ukaguzi mrefu wa diski nzima. Mifumo ya faili yenye daftari la mabadiliko ilimaliza adha hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa maana huandika kwanza inachokusudia kufanya na baada ya ajali husoma daftari hilo tu. NTFS iliwafikia wengi nyumbani pamoja na XP, ext3 iliingia katika kerneli ya Linux mwaka 2001, na Apple ikaongeza daftari katika HFS+ mwaka 2002. Nadhani mtu wa kawaida alifaidika na hilo kuliko na mambo mengi yaliyosifiwa hapo juu.

Lakini ukaidi wangu hasa ni huu. Zamani mfumo ulikuangusha kwa kosa la programu uliyoifungua mwenyewe. Siku hizi unaweza kulala na kompyuta nzima, ukaamka na kompyuta mbovu, kwa sababu usiku mtu wa mbali aliibadilisha. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha sasisho kubwa la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa limefuta faili za baadhi ya watumiaji. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja ndogo ya programu ya usalama ya CrowdStrike iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, na nyingi hazikuweza kuwaka tena mpaka mtu aende kwenye kila mashine na kuifuta faili hiyo kwa mkono. Hizo zilikuwa zaidi za mashirika kuliko za nyumbani, sawa, ila zinaonyesha mahali udhaifu ulipohamia. Katika mwaka 1996 kompyuta milioni moja zilianguka kila moja kwa wakati wake na kwa sababu yake. Leo zinaweza kuanguka zote kwa wakati mmoja.

Kumbukumbu64 anajibu:

Ndugu ShakaKidogo, mifano yako ni ya kweli na siipingi, lakini naomba usiibebeshe zaidi ya inavyoweza kubeba. Tukio la Julai 2024 lilitokana na draiva iliyokaa ndani ya kerneli na kusoma kumbukumbu nje ya mipaka yake. Data mpya ilitarajia sehemu 21 ambapo programu ilipeleka 20. Ni kosa la aina ileile ninayoikumbuka tangu ujana wangu, na lilileta maafa kwa sababu lilitokea mahali pasipo na ukuta. Kama lingetokea nje ya kerneli, ungeona programu moja ya usalama imefungwa. Kwa hiyo mfano huo unaitetea hoja ya kuta badala ya kuidhoofisha, na Microsoft yenyewe baada ya hapo ilianza kushirikiana na kampuni za usalama ili ziweze kufanya kazi nje ya kerneli.

Kuhusu masasisho nakuunga mkono bila kusita. Mimi nasubiri wiki mbili au tatu kabla ya kupokea sasisho kubwa, ingawa yale madogo ya usalama nayapokea siku hiyohiyo. Wapo waliotafuta tiba ya kudumu: ChromeOS, mfumo wa uendeshaji wa Google, huweka mfumo mzima katika nakala mbili, husasisha ile isiyotumika, na nakala mpya ikishindwa kuwaka hurudi kwenye ya zamani yenyewe. Ningependa kila kompyuta ya nyumbani iwe hivyo.

FundiKimya anajibu:

Narudi kwa kompyuta ya mezani ya ndugu Mwandishi, kwa sababu hilo ndilo swali lenye kazi ya kufanya.

Mfumo wa uendeshaji unaamini jambo moja ambalo hauna njia ya kulithibitisha, nalo ni kwamba kumbukumbu itarudisha kile ilichopewa na kichakataji kitajumlisha sawasawa. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina RAM (vipande vya kumbukumbu) inayojirekebisha makosa kama zile za seva, kwa hiyo biti moja ikigeuka hakuna anayejua. Hakuna ukuta wa programu unaoweza kuizuia hitilafu ya namna hiyo.

Fanya hivi. Fungua orodha ya matukio ya mfumo, au Kifuatilia Uthabiti ambacho Windows imekuwa nacho tangu Vista, uangalie maanguko matano ya mwisho. Kama yote yanataja faili moja au namba moja ya kosa, mshuku draiva au programu fulani. Kama kila mara kosa ni tofauti, leo hili na wiki ijayo lile, acha kuisumbua programu na uanze kushuku RAM, joto au kisambaza umeme. Endesha jaribio la kumbukumbu usiku kucha. Mzunguko mmoja wa dakika ishirini hautoshi. Kama kuna mtu aliwahi kuiongezea kasi RAM au kichakataji katika mipangilio ya ubao mama, rudisha kasi ya kiwandani kabla ya jambo jingine lolote.

Neno la pembeni: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuizima kompyuta kwa njia ya kawaida mara nyingi hakuizimi kerneli, hali yake huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka kesho. Ukitaka mfumo uanze upya kwa kweli, chagua kuwasha upya, usichague kuzima. Inashangaza ni mara ngapi nimeitwa kutatua tatizo ambalo mwenye kompyuta aliapa kwamba ameizima mara kumi, nikaiwasha upya mara moja likaisha.

MwandishiMakini anaandika:

Ndugu FundiKimya, narudi na majibu, na samahani kwa kukawia. Makosa matano ya mwisho yalikuwa ya namba tano tofauti. Jaribio la kumbukumbu halikuonyesha kitu kwa saa mbili za kwanza, nikakaribia kulikatiza, kisha alfajiri nikakuta makosa kumi na manne, yote katika eneo moja. Nimetoa kipande kimoja kati ya viwili vya RAM. Kompyuta imekuwa nzito kidogo ninapofungua faili kubwa, lakini leo ni siku ya ishirini na tatu na haijaanguka.

BintiKibodi anajibu:

Hongera. Ukivuka siku ya 49.7 tafadhali rudi utuambie, kuna mzee hapa ambaye hajawahi kuiona siku ya hamsini.